Kontroo namba ipo, fedha mbichi nayo ipo

Chukua stakabadhi mbili zilizotoka siku moja katika kata ya Didia, Halmashauri ya Wilaya ya Shinyanga. Ya kwanza ni ya mwenye duka aliyelipia leseni ya biashara. Alipewa kontroo namba, akalipa kwa simu, na ujumbe wa kuthibitisha ukaingia kabla hajatoka kaunta. Ya pili ni ya mfanyabiashara wa mpunga aliyesimamishwa getini. Alimpa mkusanya ushuru noti mkononi, mashine ya POS ikatoa karatasi, Fuso likaendelea na safari. Wote wawili wamelipa na wote wana karatasi halali. Ila ukifungua hesabu za halmashauri kule Iselamagazi yaliko makao makuu, fedha ya mwenye duka iko benki, na ya mfanyabiashara wa mpunga iko kwenye jina la mkusanyaji, ikisomeka kama deni.

Safu ya leo inahusu fedha hiyo ya pili. Nimechoka kusoma habari zinazosema mifumo ya kielektroniki imemaliza upotevu wa mapato ya Serikali. Nimechoka vilevile kusikia kwenye vikao vya madiwani kwamba mifumo haina maana kwa sababu wezi bado wapo. Kauli zote mbili hutoka kwa watu ambao hawajawahi kuifuata shilingi moja kutoka getini hadi kwenye taarifa ya benki. Ukiifuata utaona kwamba mfumo umetatua tatizo moja gumu kwa ustadi mkubwa. Tatizo la pili umelipima tu, ukawaachia wanadamu.

Tuanze na lile lililotatuliwa, maana vijana wanaoingia kwenye uhasibu wa Serikali leo hawajui lilikuwa zito kiasi gani. Zamani mteja alipewa namba ya akaunti ya benki, akapanga foleni dirishani, akajaza hati ya kuweka fedha, kisha akatakiwa arudi ofisini na nakala ili aandikiwe stakabadhi. Wengi hawakurudi. Mwisho wa mwezi mhasibu alibaki na taarifa ya benki yenye mstari unaosema tu kwamba sh 150,000 taslimu zimewekwa, jina la aliyeweka limekatwa katikati, na hakuna dalili kama ni kodi ya pango la kibanda, ada ya kiwanja au faini. Fedha ipo, mwenyewe hajulikani. Ikaingizwa kwenye akaunti ya kusubiria, ikakaa humo hadi mkaguzi akaiuliza. Upande wa pili walikuwapo waliorudi na hati zenye mhuri wa benki ambazo benki yenyewe haikuwahi kuziona.

Kwa fedha za geti na soko kulikuwa na vitabu vya HW5, stakabadhi za karatasi zenye nakala za kaboni. Mbinu ya kuondoa kaboni, ukamwandikia mteja 50,000 na nakala ikasoma 5,000, ilijulikana na kila mtu aliyewahi kukaa ofisi ya mapato. Kitabu kikipotea, hakuna aliyeweza kusema kilikusanya shilingi ngapi. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) za miaka ile zilikuwa na orodha za vitabu ambavyo havikuletwa kukaguliwa, mwaka baada ya mwaka.

GePG, mfumo wa kielektroniki wa kukusanya malipo ya Serikali, ulipoanza kazi tarehe 1 Julai 2017, na Sheria ya Fedha za Umma ikarekebishwa mwaka huohuo kuzitaka taasisi za umma zikusanye kupitia humo, jambo kubwa lililofanyika halikuwa kulipa kwa simu. Watanzania walikuwa wameshazoea kulipa kwa simu. Jambo kubwa lilikuwa kugeuza utaratibu: bili inatangulia, fedha inafuata. Taasisi inaandaa bili yenye jina la mteja, kasma ya mapato, kiasi na tarehe ya mwisho. Bili inapelekwa GePG, inarudi na kontroo namba ya tarakimu 12 inayoanza na 99. Mteja akilipa, kwa benki, kwa wakala au kwa mtandao wowote wa simu, taarifa ya malipo inarudi kwenye mfumo wa taasisi ikiwa imebeba namba ileile. Fedha inafika benki ikiwa imeshajulikana ni ya nani na ni ya nini. Mhasibu hatafuti tena mwenye fedha.

Tofauti hiyo inaonekana vizuri ukitazama jirani zetu. Kwenye paybill ya kawaida ya Kenya, mlipaji ndiye anayechapa namba ya akaunti. Akikosea tarakimu moja, fedha inaingia na mwenye biashara anabaki akiuliza ni ya nani. Kwetu namba inatolewa na anayelipwa, na namba isiyokuwepo kwenye mfumo hukataliwa palepale kabla fedha haijatoka. Zanzibar nao wana ZanMalipo inayofuata njia hiyohiyo ya kontroo namba. Kwa jambo hili naipa Wizara ya Fedha heshima yake kamili, na sioni haja ya kuipunguza.

Kuna kipengele kimoja ndani ya bili ambacho wahasibu wengi hukipuuza, na kinaharibu hesabu kimyakimya. GePG inamruhusu mwenye bili kuamua italipwaje: kiasi kilekile bila pungufu wala ziada, au kidogo kidogo, tena kwa muda uliowekwa. Leseni ya biashara inapaswa kulipwa kiasi kilekile. Kiwanja kinaweza kulipwa kwa awamu. Ukiiwekea leseni utaratibu wa kidogo kidogo, utapata wafanyabiashara waliolipa sehemu tu na wanaotembea na ujumbe wa simu kana kwamba wamemaliza. Na ukiiwekea bili ya kiwanja muda mfupi, itakufa katikati ya awamu. Mteja atapewa namba mpya, na malipo yake yatakuwa yamegawanyika kwenye bili mbili zisizojuana.

Hapo kwenye kiwanja ndipo penye somo la kihasibu ambalo siachi kulirudia. Tuseme halmashauri inauza kiwanja kwa sh 2,000,000 kwa awamu 4. Mteja ameweka 500,000 mwezi Machi na 500,000 mwezi Mei. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni. Je, halmashauri imepata mapato ya sh 1,000,000? Hapana. Kiwanja bado ni cha halmashauri. Fedha ile ni amana ya mteja, ni deni ambalo halmashauri italilipa kwa kumpa kiwanja au kumrudishia fedha. Krediti yake iende kwenye amana za wateja upande wa madeni, na siku kiwanja kinapokabidhiwa ndipo ihamie mapato. Ukiiita mapato mapema, bajeti inaonekana imefikiwa, mkurugenzi anapongezwa, na mwaka unaofuata watu wenye viwanja visivyopimwa wanakuja mlangoni. Viwango vya kimataifa vya uhasibu wa sekta ya umma (IPSAS), ambavyo Serikali yetu inavifuata kwa msingi wa stahili, vinauliza swali moja tu la maana hapa: je, kuna kitu unadaiwa kwa fedha hii uliyopokea?

Ziada nayo ni hivyohivyo. Mtu aliyedaiwa bili ya maji ya 18,000 akalipa 20,000 hajaipa mamlaka ya maji zawadi ya 2,000. Ni amana yake, inakatwa kwenye bili ijayo. Nimeona mamlaka zikijumlisha ziada za aina hii kwenye mapato ya mwezi na kisha zikashindwa kueleza kwa nini wateja walewale wanalalamika kwamba wamelipa mara mbili.

Sasa turudi getini Didia.

Ushuru wa mazao ulikuwa kero kubwa hadi bajeti ya 2017/18 ilipotangaza kuupunguza kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na kuwaachia wanaosafirisha chini ya tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Kabla ya hapo, mwaka 2003, kodi ya maendeleo ilifutwa, ile ambayo wazee wa Usukumani wanaikumbuka kwa kukimbia porini. Kilichobaki mikononi mwa halmashauri za vijijini ni ushuru mdogomdogo wa watu wengi: mazao, mifugo, vibanda, vizimba, machinjio. Mtu aliyeleta mbuzi mmoja gulioni hawezi kuandaliwa bili ya jina lake, akasubiri kontroo namba, akalipa kwa simu isiyo na salio. Kwa hiyo POS ni njia sahihi kwa aina hii ya mapato, na sioni anayeweza kuikwepa.

POS inatoa stakabadhi na kuandika muamala kwenye mfumo wa makusanyo wa halmashauri, zamani LGRCIS, sasa TAUSI. Mwisho wa siku mkusanyaji anajumlisha, bili inaandaliwa kwa jumla hiyo, anapata kontroo namba na kwenda kuilipa kwa wakala au benki. Memoranda ya Fedha ya Serikali za Mitaa ya mwaka 2009 inataka makusanyo yafike benki siku hiyohiyo au siku ya kazi inayofuata. Kwa hiyo shilingi moja ya mteja inaandikwa mara tatu: kwenye POS, kwenye bili ya mkusanyaji, na kwenye benki.

Nifanye hesabu ya siku moja ya gulio. Mashine inaonyesha ushuru wa mazao 310,000, mifugo 90,000 na vizimba 80,000. Jumla ni 480,000. Muda ule stakabadhi ya mwisho inapotoka, hesabu iliyo sawa ni hii: debiti mkusanyaji 480,000, krediti mapato kwa kasma zake tatu. Kesho yake fedha inapoingia: debiti benki 480,000, krediti mkusanyaji 480,000. Deni lake linarudi sifuri. Angalia kwamba mapato yameandikwa mara moja tu, siku ya gulio. Fedha kuingia benki hakuongezi mapato hata senti, kunahamisha tu mdaiwa kuwa fedha.

Halmashauri nyingi hazikufanya hivyo. Mfumo wa makusanyo ulikuwa upande mmoja, mfumo wa hesabu upande mwingine, kwanza Epicor na baadaye MUSE, na mhasibu aliandika mapato pale tu fedha ilipoonekana benki. Matokeo yake, fedha ambayo haikufika benki haikuwahi kuwepo kwenye vitabu. Haikuwa mapato, haikuwa deni, haikuwa upotevu. Ilikuwa tu kwenye mashine. Ndiyo maana ripoti za CAG, enzi za Profesa Mussa Assad na sasa za Charles Kichere, zimekuwa zikionyesha tofauti kati ya taarifa ya mfumo wa makusanyo na taarifa za fedha za halmashauri. Tofauti hiyo mara nyingi huelezwa kuwa ni changamoto ya mfumo. Kwa sehemu kubwa ni mtu mwenye jina, kata na namba ya POS.

Tuendelee na gulio letu. Mkusanyaji amekwenda kwa wakala na 400,000 badala ya 480,000. Sh 80,000 amezitumia, tuseme kwa sababu ambayo yeyote anaweza kuielewa, mtoto mgonjwa. Hapa ndipo msomaji afungue macho. Ikiwa yeye mwenyewe, au mtendaji aliye karibu naye, ndiye anayechagua kiasi cha kuandika kwenye bili, bili itaandaliwa ya 400,000. Kontroo namba itatoka ya 400,000. Benki itapokea 400,000. Orodha ya miamala ambayo GePG huirudisha kwa taasisi kwa ajili ya usuluhishi itaonyesha 400,000. Mhasibu atalinganisha bili na benki, ataona zinalingana hadi shilingi ya mwisho, ataweka tiki na kwenda nyumbani. Usuluhishi wake ni safi kabisa, na haujagusa penye tatizo. Tatizo liko kati ya POS na bili, na hakuna aliyelinganisha vitu hivyo viwili.

Hii ndiyo fedha mbichi, inayotumika kabla haijafika benki. Kila aliyefanya kazi halmashauri anaijua. Dizeli ya gari la mapato imeisha, inanunuliwa kwa fedha mbichi. Mgeni wa kiserikali amekuja ghafla, chakula kinalipiwa kwa fedha mbichi. Posho ya mgambo wa getini imechelewa, anakatiwa humohumo. Matumizi mengine yana nia njema, na mengine hayana nia yoyote isipokuwa kula. Kwenye vitabu yote yanafanana, kwa sababu hayajapita bajeti, hayana hati ya malipo na hayana aliyeyaidhinisha.

Na halmashauri haipotezi 80,000 peke yake. Sheria inataka asilimia 10 ya mapato ya ndani, ukiondoa yale yaliyopangiwa kazi maalumu, itolewe kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hesabu hiyo hupigwa kwenye fedha iliyofika. Kila 80,000 iliyobaki mkononi inachukua 8,000 ya vikundi hivyo bila mama yeyote wa Didia kujua kwamba ameibiwa.

Baada ya wiki mbili pengo la 80,000 linageuka mazoea. Mkusanyaji anaziba pengo la Jumatatu kwa makusanyo ya Alhamisi, la Alhamisi kwa ya Jumatatu ijayo. Kila bili inalipwa, ila kila bili inalipwa kwa fedha ya siku nyingine. Dawa ya kuligundua ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: usitazame jumla ya deni, tazama umri wake. Panga stakabadhi za POS kwa tarehe, kisha malipo ya benki yazifute kwa kufuata mpangilio, ya zamani kwanza. Mkusanyaji mwaminifu atakuwa na deni lenye umri wa siku moja. Anayezungusha atakuwa na deni linalozeeka polepole, siku tatu, siku sita, siku kumi na moja, ingawa kiasi chake kinaonekana kidogo. Taarifa hii inaweza kutolewa kwa kubofya mara chache. Nimekutana na wahasibu wa mapato ambao hawajawahi kuitoa.

Mashine kukaa nje ya mtandao ni mchezo wa pili. POS imetengenezwa ifanye kazi hata pasipo na mtandao, kwa sababu vijiji vingi vya Shinyanga mtandao unakuja na kuondoka. Miamala inahifadhiwa ndani na kutumwa mtandao ukirudi. Ni uamuzi mzuri wa kiufundi. Lakini mashine iliyokaa siku tisa bila kuonekana, kwenye kata ambako wananchi wanatumiana video kila jioni, haina udhuru wa mtandao. Mchezo wa tatu ni kurekebisha miamala. Mtu anaweza kweli kukosea akaandika 500,000 badala ya 50,000, na mfumo lazima uruhusu kusahihisha. Swali ni nani aliomba, nani aliidhinisha, na stakabadhi ya mteja iko wapi. Marekebisho yasiyo na majibu hayo matatu mkaguzi huyahesabu kuwa ni fedha iliyofutwa, na ana haki.

Nisiwe mkali upande mmoja tu. Mkusanyaji wa kata ya vijijini anapewa kazi ambayo mabosi wake wengi wasingeikubali. Anabeba fedha taslimu kwenye bodaboda. Wakala aliye karibu anaweza kukosa salio la kutosha msimu wa mavuno, kwa kuwa siku hiyo kila mtu anaweka na hakuna anayetoa, hivyo jioni mkusanyaji anarudi nyumbani na fedha ya Serikali akalale nayo. Malipo yake, kama ni wakala wa kamisheni, huja kwa kuchelewa. Ukimwachia mtu mwenye njaa laki nne za mwajiri aliyechelewa kumlipa, kisha ukashangaa, wewe ndiye wa kushangaza. Halmashauri inayotaka fedha ifike benki siku ya pili ianze kwa kulipa kamisheni siku ya pili.

Wapo watakaosema haya ni ya asili ya maeneo yetu na hayaepukiki. Nawaelekeza kwenye dhahabu. Halmashauri hiihii ya Shinyanga ina Mwakitolyo, eneo la wachimbaji wadogo, na kote Kahama hadi Geita uchumi wa watu wa kawaida unazunguka kwenye karasha za kusaga mawe na mialo ya kuchenjua dhahabu. Dhahabu ni ndogo, ya thamani na inaingia mfukoni. Kwa miaka mingi ilipita kimyakimya. Baada ya mkutano wa Rais John Magufuli na wachimbaji wadogo Januari 2019, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5 ziliondolewa kwao, na Machi mwaka huohuo soko la dhahabu la Geita likafunguliwa. Mengine yakafuata, Kahama likiwemo.

Tazama fedha inavyopita pale. Kwa viwango vilivyotumika masoko yalipoanza, dhahabu ya sh 10,000,000 ilibeba mrabaha wa asilimia 6, yaani 600,000, ada ya ukaguzi ya asilimia 1, yaani 100,000, na ushuru wa huduma wa halmashauri wa asilimia 0.3, yaani 30,000. Mzigo unapimwa mbele ya muuzaji, mnunuzi na ofisa wa Tume ya Madini. Tozo zinajulikana zilipwe kiasi gani kabla ya mtu kuondoka, na kibali cha kuisafirisha dhahabu kinategemea malipo hayo kuonekana. Hakuna mtu wa kati anayelala na mrabaha chini ya mto. Kilichobadilika pale hakikuwa tabia za watu wa Geita. Malipo yaliwekwa kabla ya karatasi ambayo mlipaji anaihitaji, na mlipaji mwenyewe akawa na sababu ya kuhakikisha fedha imefika.

Sasa, gari la mpunga linalobeba magunia 100 linafanana zaidi na dhahabu ile kuliko na mbuzi mmoja wa gulioni. Mwenye Fuso ana simu, ana salio, na mzigo wake unajulikana tangu unapopakiwa mashineni. Hakuna sababu ya kumtoza taslimu getini. Aandaliwe bili pale anapopakia, alipe kwa kontroo namba, na geti libaki na kazi moja, kuhakiki namba kwenye mfumo. Hapo fedha taslimu itabaki kwa wale wasio na njia nyingine, na kiasi cha kuliwa kibichi kitapungua sana bila kumfukuza hata mtumishi mmoja.

Kwa fedha taslimu zitakazobaki, napendekeza mashine iwe na kikomo. Mkusanyaji akifikisha deni la kiasi fulani, au deni la umri wa saa 48, POS yake igome kutoa stakabadhi mpaka alipe. Bili yake ijiandae yenyewe kutokana na stakabadhi alizotoa, kwa kiasi kilekile, na yeye asipewe nafasi ya kuchapa tarakimu hata moja. Na mapato yaingie MUSE kwa tarehe ya stakabadhi, siyo ya benki, ili deni la mkusanyaji lionekane kwenye mizania kama deni lingine lolote na mweka hazina alazimike kulisainia.

Hili la tarehe lina uzito wake wa pekee mwezi Juni. Stakabadhi za gulio la tarehe 30 Juni ni mapato ya mwaka unaoisha hata kama fedha imefika benki tarehe 2 Julai. Mkusanyaji aliyelipa kwa simu saa moja jioni ya tarehe 30 ana uthibitisho wa siku hiyo, lakini kwenye taarifa ya benki ya halmashauri inaweza kuonekana siku inayofuata. Hizo ni fedha zilizo njiani, na orodha yake lazima iandaliwe kwa majina na namba. Niliwahi kuona halmashauri moja, nisiyoitaja, ikiandika fedha zote za wiki ya kwanza ya Julai kama fedha zilizo njiani ili ifikishe lengo la makusanyo. Mwaka uliofuata ulianza na pengo, na pengo hilo likazibwa kwa njia ileile.

Kwa madiwani wa Shinyanga Vijijini nina ombi. Kwenye kikao kijacho cha baraza msiridhike na taarifa inayosema tumekusanya asilimia fulani ya lengo. Mwombeni mkurugenzi ukurasa mmoja tu: kila POS ya halmashauri, kata iliko, jumla ya stakabadhi zake, jumla iliyofika benki, na umri wa deni lililobaki, siku kwa siku. Taarifa hiyo iko kwenye mfumo tayari, na diwani wa Didia ana haki ya kuiona ya kata yake.

Na wewe unayepita getini na mzigo, karatasi ya POS ichukue uisome kabla gari halijaondoka. Kiasi kilichoandikwa pale ndicho mkusanyaji anachodaiwa. Kama umetoa 60,000 na karatasi inasema 6,000, hakuna mfumo wala mkaguzi atakayejua, ila wewe.